Miaka ya vita nilisoma Kiingereza hapa Kindu, nikatoka na kitenzi kimoja tu: rouse

Wakuu habari zenu huko mliko. Mimi nawasalimu kutoka Kindu, Maniema.

Kwa kawaida napita humu, nasoma za watu, nacheka, naondoka. Leo nimeamua kuandika, maana kuna jambo limenikaa kooni tangu wakati wa vita, na hivi karibuni limechokozwa upya. Nitasema kweli tupu. Mke wangu amekaa hapa pembeni anachambua mchele, nikitia chumvi mtamsikia kabla yangu.

Kiswahili changu ni cha huku, kina Kifaransa ndani. Mnivumilie kama mimi ninavyovumilia chenu.

Iko hivi. Binti yangu wa mwisho anajifunza Kiingereza kwenye simu. Miezi michache iliyopita akaniuliza, "Papa, si ulisomaga Kiingereza wakati ya vita? Sema kidogo tusikie."

Nikasema nilichonacho. Akacheka mpaka akakaa chini.

Sasa wakuu, Kiingereza mimi nilikisomea muda mrefu kuliko watu wanaojifunza udereva na ushonaji kwa pamoja. Nilikisomea kwa njaa, kwa hofu, kwa mvua. Nikatoka na kitenzi kimoja. Rouse. Kuamsha watu. Basi, hakuna kingine.

Twende taratibu mjue nani wa kulaumiwa.

Wakati ule mji wetu ulikuwa umefungwa. Waasi wako ndani ya mji, wanamgambo wa Mai-Mai wako porini, na sisi raia tuko katikati kama nyama ya mshikaki. Treni hazifiki. Baba yangu alikuwa mtu wa reli, na kila asubuhi alivaa nguo zake za kazi, akaenda kukaa gare, kituo cha treni, jioni akarudi. Mshahara hakuna, treni hakuna, lakini kazini ataenda. Mkimuuliza kwa nini, anakasirika.

Shamba letu lilikuwa nje kidogo ya Mikelenge. Kwenda kule ilikuwa ni kuchezea roho yako. Tulikula sombe, majani ya muhogo, bila mawese na bila chumvi. Kama hujawahi kula sombe bila chumvi, usiombe.

Halafu wakaja wageni wenye kofia za bluu, askari wa Umoja wa Mataifa, wakakaa upande wa uwanja wa ndege. Habari zikaenea kwamba wanatafuta wakalimani, mtu anayejua Kiingereza anapata kazi. Kijana mmoja wa mtaa wa Kasuku aliipata. Kwao moshi wa jikoni ukaanza kuonekana mchana, na wapita njia wote wakawa wanageuza shingo.

Mama yangu aliuona ule moshi. Akaniita Papa, kama mama wa huku wanavyowaita watoto wao wa kiume: "Papa, enda usome hiyo Kiingereza. Wadogo yako wanakuangalia wewe."

Mimi ndiye mkubwa kwetu. Basi nikaenda.

Mwalimu alikuwa mmoja tu, sisi tulimwita Prof. Mtu wa Kasai, zamani alikuwa karani wa reli, mrefu, shati lake limefungwa vifungo mpaka shingoni hata jua likiwaka vipi. Kiingereza alikisoma ujana wake kwa mapadri. Kitabu hakikuwepo, kitabu kilikuwa kichwani mwake.

Alifundisha alasiri kwenye baraza ya nyumba yake. Ubao ulikuwa kipande cha mlango wa behewa kilichopakwa mkaa. Chaki ilikuwa muhogo mkavu. Msicheke, unaandika vizuri sana. Shida ni kwamba siku moja tulifika tukakuta chaki imeliwa, na hadi leo aliyekula hajajitaja.

Lesson one ilikuwa kitenzi rouse.

Kwa nini rouse, wakati watu wote duniani wanaanza na good morning? Nilimuuliza. Akanijibu, "Muntu analala, utamufundisha nini? Kwanza umuamushe. Lesson one, tunaamusha watu. Lesson two, tunakula. Lesson three, tunaenda kazi."

Ilikuwa na mpangilio kabisa. Hata mimi niliikubali.

Mwanafunzi mmoja analala kwenye benchi anafumba macho. Mwingine anamgusa bega, anasema I rouse you. Wa benchi anaamka, anajibu I am roused. Darasa zima linapokea: he is roused, she is roused, we are roused. Tunapiga kelele mpaka kuku wa jirani wanakimbia. Siku tatu nne hivi umeshaiva, uko tayari kwenda kwenye kula.

Hapo ndipo shida ilipokuwa.

Mnajua huku kwetu mgeni akiwakuta mnakula, hapewi mabaki. Hata kama mmeshiba mpaka shingoni, anapikiwa upya, na nyinyi mnanawa tena mikono mnamega naye, asijione amechelewa. Ni desturi nzuri, sina ugomvi nayo. Mezani.

Prof aliichukua desturi hiyo akaipeleka darasani.

Kila akija mwanafunzi mpya, somo linaanza upya. Si kwamba anafupishiwa, hapana. Prof anageuka kwenye ubao, anaufuta kwa kiganja chake, kutoka kushoto kwenda kulia, polepole, kisha anapangusa kiganja kwenye paja la suruali. Halafu anasema, "Karibu, mutoto yangu. Tunaanza na zéro."

Na wakati ule wageni hawakuisha. Kila juma watu walikuwa wanaingia mjini kutoka vijijini, vijiji vimechomwa, wengine wametembea porini mpaka miguu imevimba. Wakisikia kuna mahali watu wanajifunza bure, wanakuja. Wakija, zéro. Tukifika siku ya tatu, kichwa kipya kinachungulia kwenye ua, zéro.

Mji mzima ukaanza kumwita Prof Zéro. Alijua, na hakujali.

Mtaniuliza, mbona hukumwomba akufundishe pembeni? Nilimwomba, wakuu. Nilimfuata mwenyewe nikamweleza habari za kwetu, nikamweleza na habari za chumvi. Akanisikiliza vizuri sana.

Kisha akasema, "Unataka nikufundishe kukula peke yako, wenzako wangali wanalala?"

Nilirudi nyumbani nikiongea peke yangu njiani.

Siku nyingine nikamwambia, basi huyo mgeni aanzie tulipofika, atatukamata mbele ya safari. Hapo alinikasirikia kweli. "Muntu anatoka mu pori. Amepoteza nyumba, amepoteza watu yake. Anafika kwangu nimupatie katikati? Katikati njo mabaki."

Nikarudi kwenye benchi. Lakini mabaki ndiyo niliyokuwa nayataka mimi, ningeyala hata kwa miguu.

Kuna siku ya yule askari, acha niwaambie. Tuko katikati ya kelele zetu, askari mmoja wa wale waliokuwa wanashika mji akasimama kwenye ua na bunduki yake. Kijana mdogo tu, macho mekundu. Akauliza tunapiga kelele za nini. Mmoja wetu kwa uoga akasema kweli, "Tunajifunza kuamusha watu."

"Kuamusha watu wafanye nini?"

Wakuu, miaka ile swali kama hilo lilikuwa linamaliza watu. Benchi zima tulikauka. Mimi nilikuwa natazama bunduki tu.

Prof akamtazama yule kijana kutoka juu mpaka chini. Akageuka. Akafuta ubao. Akasema, "Karibu, mutoto yangu. Tunaanza na zéro."

Na yule askari akaja, akakaa, bunduki katikati ya magoti. Tulifundishwa rouse pamoja naye. Ilipofika zamu yake ya kulala kwenye benchi, alilala kweli. Usingizi wa haki, mdomo wazi, sijui tangu lini alikuwa hajalala. Tukabaki tumekaa pale, nani amguse? Wewe unayesoma ungemgusa?

Tulikaa mpaka jua likaanza kushuka. Mwisho Prof mwenyewe akaenda, akamgusa bega kama anavyogusa mtoto wake, akamwambia I rouse you. Kijana akaruka, mkono uko kwenye bunduki, akatutazama wote mmoja mmoja. Kisha akakumbuka yuko wapi. Akasema, I am roused. Prof akamwambia, "Très bien." Kijana akaondoka, na hakurudi tena kutusumbua.

Nakubali siku hiyo Prof alituokoa. Ila tulikuwa tumefika mwisho wa lesson one siku hiyo pia, na akatuanzisha upya.

Sasa sikilizeni kilichonimaliza.

Wageni wa kofia za bluu wakatangaza watachukua wakalimani wengine, interview siku ya Jumatatu. Bahati nzuri kipindi hicho hakuna mgeni aliyekuwa amekuja darasani kwetu. Tulikuwa tumeiva. Prof mwenyewe akatamka, "Ijumaa tunaingia lesson two." Nilimwambia mama. Mama akawaambia wadogo zangu. Nyumba nzima ilikuwa inasubiri Ijumaa kama sikukuu.

Ijumaa ikafika. Prof ameshika kipande cha muhogo, mkono uko ubaoni, anaandika Lesson, na ile two hajaiandika.

Akatokea msichana.

Alikuwa ametoka upande wa barabara ya Kibombo, kwa miguu, kitenge chake kimepauka na vumbi. Alisimama pale mlangoni mwa ua, haingii, hatoki. Mimi moyoni nilikuwa naomba atoke. Akasema, "Samahani. Nimekuta mumeshaanza?"

Prof akasema, "Hapana, mama. Tulikuwa tunakungojea wewe."

Akafuta ubao.

Jumatatu nikaenda interview. Mzungu mmoja akaniuliza vitu, sauti yake ya upole tu. Nadhani aliniuliza naitwa nani na naishi wapi. Nikasimama wima, nikamwambia I rouse you, you rouse me, we are roused. Nilisema yote bila kosa hata moja. Alinisikiliza mpaka mwisho, akanipa mkono, akaniambia kitu ambacho mpaka leo sikijui. Kazi akapewa kijana aliyekuja na ndege kutoka Goma.

Baadaye nikaja kusikia askari wengi wa kofia za bluu walikuwa wanasema Kihispania. Hata hicho Kiingereza wenyewe walikuwa wanakibabaisha. Nilipoambiwa nilikaa chini barabarani.

Mama alipika sombe. Wadogo zangu walikula wakiinamia sahani, mimi nikawasogezea yangu. Darasani sikurudi tena.

Yule msichana wa Kibombo anaitwa Zaina. Ndiye huyu anachambua mchele hapa. Jinsi mambo yalivyofika huko ni uzi mwingine, na amenikataza. Nikimkumbusha kwamba alininyima kazi, ananijibu, "Nilikukuta umelala, nikakuamusha." Mnaona mtu ninayeishi naye?

Miaka imepita. Vita viliisha, sasa nauza vipuri vya pikipiki hapa Kasuku, tunakula chumvi. Prof aliendelea kufundisha palepale. Nikipita kwake namsalimia kwa mbali, bonjour Prof, natembea. Yeye kila mara ananijibu hivyohivyo, "Rudi, baba. Ulikuwa umekaribia."

Hilo neno umekaribia lilikuwa linanichefua hamuwezi kuamini.

Sasa, mwezi uliopita. Binti yake, dada Mado, yule ambaye zamani alikuwa anatuletea maji ya kunywa pale barazani, alikuja dukani kwangu. Prof alikuwa ameanguka. Presha. Yuko hospitali, amelala, haongei, hafungui macho, hashiki hata kidole cha mtu. Daktari amewaambia labda anasikia, wamuongeleshe, ila asiahidi kitu.

Wamemwimbia nyimbo za kanisa. Wameongea naye Kiluba, lugha ya mama yake. Jirani yao shehe alikuja kumsomea dua. Hakuna. Na ndugu kwenye simu kutoka Kasai wameshaanza kuulizana nani atakuja matanga, na mzee bado anapumua.

Dada Mado akaniomba, "Baba Salumu, nyinyi wanafunzi ya zamani, mukuje mumuite."

Nilimwambia nitaangalia. Nyumbani nikamwambia mke wangu mimi siendi. Huyu mtu alichukua ujana wangu akaufuta kwa kiganja.

Zaina akasema, "Ulisoma kuamusha watu miaka yote ile. Leo iko muntu wa kuamusha, unasema hauendi?"

Akachukua kitenge chake. Nikamfuata, nitafanyaje.

Tulifika mchana. Chumba kina vitanda viwili, cha pili hakina mtu. Prof amekonda, shati la hospitali wazi kifuani. Nilichukia kuona vile vifungo wazi. Nikavifunga, mpaka shingoni.

Zaina akamgusa bega. I rouse you. Mimi nikapokea, he is roused. Dada Mado anayajua yote kwa kusikia tangu utotoni, naye akaingia. We are roused. Tulipiga lesson one nzima, kama zamani, kwa sauti. Tukarudia. Prof hata ukope haukutingishika. Dada Mado akageukia dirishani, akafunika uso na kitenge.

Hapo wakuu hasira ya miaka yote ikanipanda. Nikamwinamia sikioni. Nikamwambia, "Prof, mimi nimechoka. Lesson one nimeimaliza. Leo hakuna wa kunizuia, ninaingia lesson two. Nitafundisha kukula mimi mwenyewe, hata kama sijui."

Na sikuwa natania. Nilikuwa nimeshafungua mdomo. Eat nilifundishwa na binti yangu.

Mlango ukafunguliwa. Mama mmoja, simjui, amebeba beseni na mkeka, analeta mgonjwa wake kwenye kile kitanda cha pili. Akatukuta tumesimama, watu wazima, jasho linatutoka. Akasema, "Samahani. Munafanya nini hapa?"

Zaina akamjibu bila kufikiri, "Tunajifunza Kiingereza, mama. Karibu."

Nikaona shuka inasogea.

Ni mkono wa Prof. Ulikuwa unakwenda juu ya shuka, kiganja chini, kutoka kushoto kwenda kulia. Polepole. Ukafika mwisho. Kisha ukarudi, ukajipangusa kwenye paja.

Dada Mado alipiga yowe ambalo waliomo kwenye korido wote walilisikia. Mimi nililia, sitawaficha. Nililia kwa furaha, na nililia kwa hasira pia, maana nilikuwa nimebakiza pumzi moja tu niingie lesson two.

Leo Prof yuko nyumbani. Mkono mmoja bado mzito, maneno yanatoka machache. Neno la kwanza kutoka kinywani mwake mnalijua, sina haja ya kuliandika. Kila alasiri tunamkalisha barazani, na mimi nafunga duka mapema naenda kukaa kwenye benchi na mvi zangu. Yule mama wa beseni anakuja, mgonjwa wake amepona. Wiki iliyopita alikuja na dada yake. Juzi dada yake akaja na jirani.

Mnadhani tuko lesson ngapi?

Nilichojifunza, wakuu, ni kidogo. Ile kazi niliikosa na bado inaniuma, msiniambie kila kitu kina sababu. Lakini yule msichana wa barabara ya Kibombo aliposimama mlangoni siku ile, alikuwa amewazika baba yake na mama yake njiani. Aliniambia mwenyewe miaka mingi baadaye. Na aliniambia hakuna neno lolote, la dini wala la serikali, lililomsaidia kama lile la kuambiwa alikuwa anangojewa. Mimi nilikuwa nimekaa hapohapo kwenye benchi, nalisikia, nasonya.

Karibuni mtoe maoni, hata ya kunicheka. Kama kuna anayejua Kiingereza kinaendelea vipi baada ya watu kuamshwa, anisaidie, na asimwambie Prof.

Na wewe uliyechelewa, umekuta uzi umeshajaa comments za watu, usione aibu kuuliza. Tulikuwa tunakungojea wewe.